Marubani wa Usiku: Kazi ya Kubeba Mizigo katika Vita vya Biafra

Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za mizigo za jeshi la Italia zilishuka katika kiwanja cha Kindu. Zilitumwa na Umoja wa Mataifa, ule ambao kwetu kila mtu aliuita ONU, kuwapelekea askari wa Malaya waliokaa katika mji ule vitu vyao vya lazima. Watu waliokuwamo walikuwa 13, na mmoja wao alikuwa mganga. Walipokwisha kushuka wakakaribishwa kula kwa maofisa wa Malaya. Hapo askari walioasi wakawavamia, wakawakamata kwa kudhani kwamba ni Wabelgiji au askari wa kukodiwa wa Katanga. Wote 13 waliuawa. Baadaye maiti zao zilirudishwa kwao, zikazikwa Pisa, karibu na kambi ya kikosi chao.

Twaanza na habari hiyo kwa sababu yaonyesha jambo ambalo vitabu vya vita hulipita mbio. Watu wale hawakuja Kindu kupigana. Kazi yao ilikuwa kuleta mizigo na kurudi. Lakini mtu anayeleta mzigo mahali pa vita hana bunduki ya kujilinda, hana handaki, wala hawezi kujificha, maana ndege yake yaonekana na kusikika toka mbali. Upande mmoja wamwita mwokozi, upande wa pili wamwita adui, na pengine yeye mwenyewe hajui lugha ya upande wo wote. Juu ya majemadari na mawaziri twasoma mengi. Juu ya wakimbizi twasoma kidogo. Juu ya hao wachukuzi wa angani karibu hatusomi neno. Basi tumeona yafaa kueleza jinsi kazi yao ilivyokuwa, na mahali pa kuitazama vizuri ni Biafra, maana huko ilifanyika karibu kila usiku kwa muda wa miaka miwili hivi.

Wasomaji wengi wanajua vita vile kwa jina tu. Katika mwaka wa 1966 maelfu ya Waigbo waliuawa huko kaskazini ya Nigeria, na wenzao wengi wakakimbilia kwao mashariki. Tarehe 30 Mei 1967 Kanali Odumegwu Ojukwu, aliyetawala Jimbo la Mashariki, alitangaza kwamba jimbo lake sasa ni nchi ya peke yake, jina lake Biafra. Mwezi wa Julai vita vikaanza. Wakuu wa nchi za Afrika walikutana Kinshasa mwezi wa Septemba mwaka ule ule, wakasema Nigeria isigawanywe. Tanzania ilikuwa ya kwanza kwenda njia nyingine: mwezi wa Aprili 1968 Mwalimu Nyerere aliitambua Biafra, na Gabon, Côte d'Ivoire na Zambia zikafuata. Wakati huo serikali ya Nigeria ilikwisha kufunga njia za bahari na za nchi kavu. Mwezi wa Mei 1968 ikateka Port Harcourt, bandari na kiwanja chake cha ndege. Watu wa Biafra wakabaki ndani kama samaki katika mgono. Hawakuwa na chumvi, wala nyama, wala samaki. Watoto wakaanza kuvimba miguu na tumbo, nywele zikageuka rangi ya kutu. Ni ugonjwa ule ambao akina mama wa Kivu huuita bwaki.

Njia iliyobaki ilikuwa ya angani, na njia hiyo iliishia barabarani.

Kati ya Owerri na Onitsha, karibu na kijiji cha Uli, ilikuwako barabara ya lami iliyonyoka. Wabiafra waliipanua sehemu moja, wakaifanya kiwanja, wakakipa jina la siri, Annabelle. Wasomaji wetu wa Walikale hawatashangaa sana, maana katika miaka ya 2000 waliona ndege zikishuka juu ya barabara huko Kilambo kuchukua mawe ya kasiteriti na kuyapeleka Goma. Lakini zile za Kilambo zilishuka mchana. Uli ilikuwa ya usiku tu, kwa sababu mchana ndege za vita za Nigeria ziliruka bila kizuizi. Tena ndege zilizokuja Uli zilikuwa kubwa, za injini nne, DC-6, DC-7 na Super Constellation. Mabawa ya ndege hizo yalikuwa mapana kuliko lami yenyewe. Rubani aliyekosea mita chache alikutana na miti.

Zilitoka wapi? Nyingi zilitoka katika kisiwa cha São Tomé, ambacho wakati ule kilikuwa bado chini ya Wareno. Toka kule mpaka Uli ni kilometa 600 hivi. Ndege za Msalaba Mwekundu zilitoka Fernando Po, kilometa 300 hivi, kisiwa cha Wahispania ambacho mwezi wa Oktoba 1968 kikawa sehemu ya nchi huru ya Guinea ya Ikweta. Baadaye nyingine zilitoka Cotonou na Libreville.

Mwanzo wake haukuwa safi, na hatuna sababu ya kuuficha. Mwanzoni mwa 1968 Caritas ilipotafuta ndege ya kupeleka dawa na maziwa, haikupata kampuni kubwa iliyokubali. Aliyekubali ni Mmarekani mmoja, Hank Wharton, ambaye ndege zake zilichukua silaha toka Lisbon kwa ajili ya jeshi la Biafra. Padri Anthony Byrne, wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyesimamia kazi ya Caritas, ilimbidi akodi nafasi kwa mtu huyo huyo. Wharton na watu wake ndio waliojua maneno ya siri ya redio, na bila maneno hayo taa za kiwanja hazikuwashwa. Hivyo maziwa ya mtoto na risasi ya askari vilitegemea mlango mmoja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mfanyabiashara. Wako waliolilaumu Kanisa kwa sababu hiyo. Sisi twaona kwamba mwezi ule lilikuwa na njia mbili tu, kukodi kwa Wharton au kuwaacha watoto wafe. Lakini twaona pia kwamba lawama haikuwa bure, kwa maana tangu siku ile serikali ya Nigeria haikuweza tena kuamini kwamba ndege ya msaada ni ya msaada tu.

Aliyeuvunja mlango ule ni mtu wa Sweden, Carl Gustaf von Rosen. Jina hilo lina mashina mpaka Kongo. Katika miaka ya 1935 na 1936 aliruka na ndege ya Msalaba Mwekundu huko Ethiopia, wakati wa vita vya Waitalia. Miaka ya 1960 alikuwa Kongo akifanya kazi ya ONU. Kampuni yake ilikuwa Transair, ile ile yenye ndege iliyoanguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, alipokufa Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld pamoja na wenzake 15. Mwezi wa Agosti 1968 von Rosen alipeleka tani 10 za chakula na dawa Uli kwa DC-7, akiruka chini sana, karibu kugusa vichwa vya miti, ili asionekane. Wabiafra wakampa maneno ya siri, naye akawapa makanisa. Toka hapo makanisa ya Sweden, Norway, Denmark na Finland, pamoja na Caritas, yakaanza kupanga ndege yao wenyewe. Baadaye Wakatoliki, Waprotestanti na hata Wayahudi wa Marekani waliungana katika kazi moja iliyojulikana kwa herufi JCA. Ndege zikapigwa picha ya samaki wawili. Marubani, ambao hawakosi mzaha, walisema maana ya herufi zile ni Kampuni ya Ndege ya Yesu Kristo.

Sasa tuwatazame kazini.

Walikuwa watu wa nchi nyingi: Waswidi, Wanorwe, Wadenmark, Waaisilandi, Waingereza, Wajerumani, Wakanada, Wamarekani. Wengi walikuwa na umri mkubwa kidogo, watu waliojifunza kuruka katika vita vya 1939 mpaka 1945, na ambao baadaye hawakupata nafasi nzuri katika kampuni kubwa. Mwaisilandi mmoja, Þorsteinn Jónsson, aliyekuwa rubani wa vita upande wa Waingereza, alikwenda Uli zaidi ya mara 400. Ndege nazo zilikuwa na umri. Kampuni zilikuwa zikinunua ndege za jeti, hizi za mapanga zikauzwa kwa bei ya chini. Fundi wa São Tomé alifanya kazi mchana kutwa, chini ya jua la Ikweta, kusudi ndege iliyorudi alfajiri iweze kuondoka tena magharibi. Harufu ya samaki wakavu wa Norway iliingia katika kila kitu, na chumvi iliyomwagika ilikula vyuma.

Safari ilianza mchana ukielekea kwisha. Hesabu ilikuwa hii: uondoke mapema uweze kwenda mara mbili au tatu usiku mmoja, lakini usifike pwani ya Nigeria kabla ya giza. Karibu na pwani rubani alizima taa zote, za mabawa na za mkia. Manowari za Nigeria na mizinga ya pwani ilikuwa ikingoja chini, na mara nyingi watu katika ndege waliona risasi za moto zikipanda kuelekea kwao. Walipokwisha kupita pwani walikuwa katika giza tupu, wala hakukuwa na chombo cha ardhini cha kuwaona na kuwaongoza. Kilichowaongoza ni mtambo mmoja mdogo wa redio pale Uli, ambao Wabiafra waliuzima kila walipoogopa.

Juu ya Uli ndipo kazi ilipokuwa ngumu hasa. Siku nyingine ndege kumi au zaidi zilizunguka pamoja gizani, bila taa, kila moja katika kimo chake, zikingoja zamu. Rubani hakumwona jirani yake. Alimsikia tu kwa redio, tena jirani huyo pengine hakusema neno, kwa sababu amebeba silaha na hataki kujulikana. Na kati yao alizunguka mtu mwingine. Serikali ya Nigeria ilikuwa na ndege ya zamani ya uchukuzi iliyogeuzwa kuwa ya mabomu, nayo ilikaa juu ya Uli saa nyingi ikingoja taa ziwashwe. Rubani wake alitumia redio ile ile, na marubani wa misaada walimsikia akiwadhihaki na kuwaambia washuke awaone.

Zamu ilipofika, rubani alitamka neno la siri, akashuka kuelekea mahali ambapo macho yake hayakuona kitu. Mwishoni kabisa taa ziliwashwa. Alikuwa na nafasi ya kuona mistari miwili ya nuru, kuinyosha ndege na kugusa lami. Magurudumu yakigusa tu, taa zilizimwa, naye alikimbia gizani akikanyaga breki, akitumaini barabara bado iko mbele yake. Kama mabomu yalikuwa yameangushwa jioni ile, huenda shimo halijafukiwa. Mwisho wa barabara mtu mwenye tochi alimwongoza hadi mahali pa kupakulia, kati ya miti.

Hapo twataka kusimama kidogo, maana huwa watu wakisimulia habari za Uli huwataja marubani na mapadri, wakawaacha waliotua mzigo. Vijana wa Biafra walipanda ndegeni hata kabla mapanga hayajanyamaza, wakazishusha tani 10 au zaidi kwa mabega, katika giza, kwa muda mfupi kuliko uwezavyo kufikiri. Baadhi yao walikuwa na njaa kama wale waliokuwa wakipelekewa chakula. Bomu lilipolia, rubani alikimbilia handaki pamoja nao. Lakini alfajiri yeye alikuwa São Tomé, penye kitanda na chakula cha moto, nao walikuwa bado Uli wakifukia mashimo ili ndege za kesho zishuke. Mapadri wa Ireland waliokuwa pale walihesabu magunia na kuyapakia katika malori kabla ya mapambazuko. Safari za kurudi nyingine zilichukua watoto wagonjwa. Maelfu yao walilelewa Gabon, Côte d'Ivoire na São Tomé mpaka vita vilipokwisha.

Kulipokucha rubani alikuwa ameishiwa. Katika kampuni za kawaida kuna sheria ya saa ambazo rubani aweza kuruka, na saa ambazo lazima alale. Huko hesabu ilitegemea njaa ya wengine. Mtu akisema "nimechoka," alijua ni tani ngapi hazitafika usiku ule.

Je, walilipwa? Ndiyo, walilipwa, tena wengi walilipwa vizuri, na juu ya mshahara iliongezwa fedha ya hatari. Kwa sababu hiyo magazeti mengine ya Ulaya yaliwaita watu wa kukodiwa, kana kwamba hakuna tofauti kati ya mtu anayeua kwa mshahara na mtu anayebeba chumvi kwa mshahara. Sisi hatuoni aibu katika mshahara ule. Padri akifa, shirika lake linabaki. Rubani akifa, anabaki mjane na watoto, nao hawali sifa. Bima ya kawaida haimlipi mtu aliyekufa vitani, na hii ilikuwa vita. Tatizo twaliona mahali pengine: fedha ya hatari humvuta mtu aliyechoka arudi tena pale ambapo busara ingemwambia alale. Aliyepanga malipo hayo alikaa mbali na Uli.

Waliokufa walikuwa karibu 30, na wengi walikuwa katika ndege za makanisa. Twataja wachache. Usiku wa kuamkia 1 Julai 1968 Super Constellation moja ya Wharton ilianguka katika mvua ilipokuwa ikijaribu kushuka. Aliyeiongoza aliitwa August Martin, Mmarekani mweusi. Katika nchi yake, wakati ambapo kampuni za ndege hazikutaka kumwona mtu mweusi penye usukani, yeye alikuwa wa kwanza kupata kazi ya rubani katika kampuni kubwa. Alikuwa na kazi yake, hakulazimishwa na mtu. Alikuja katika siku zake za mapumziko. Leo iko shule ya sekondari huko Queens, New York, yenye jina lake, na twafikiri wanafunzi wachache wanajua kwamba alikufa Afrika akibeba misaada.

Tarehe 3 Agosti 1969 Super Constellation ya Wakanada ilianguka ikiikaribia Uli, wakafa wanne. Siku zile zile Papa Paulo wa 6 alikuwa ametoka kuzuru Kampala, ambako alizungumza na wajumbe wa pande zote mbili akitafuta amani, asiipate. Mwezi wa Septemba ndege ya Wamarekani, aina ya C-97, ikaanguka na watu watano.

Lakini kifo kilichogeuza mambo kilitokea mapema zaidi, tarehe 5 Juni 1969, nacho hakikuwa cha ajali. DC-7 ya Msalaba Mwekundu ilifika pwani kabla jua halijazama vizuri. Ndege ya vita ya Nigeria, MiG-17, ikaipiga, wakafa wote waliokuwamo. Kwa nini siku ile, wakati ndege nyingi zilikwisha kupita? Yafaa tuseme wazi. Wiki mbili kabla yake, von Rosen, yule yule aliyefungua njia ya makanisa, alirudi Biafra na ndege ndogo tano zilizofungwa roketi. Tarehe 22 Mei akashambulia kiwanja cha Port Harcourt, na siku zilizofuata viwanja vingine. Alisema hawezi tena kupeleka chakula kwa watu wanaouawa bila kuwasaidia kujilinda. Twaelewa uchungu wake. Lakini mtu aliyefahamika ulimwenguni kote kama rubani wa misaada alipopiga roketi, aliwavua wenzake nguo pekee ya kinga waliyokuwa nayo, yaani neno lao kwamba wao si askari. Hao waliokuwa katika DC-7 hawakuulizwa.

Baada ya hapo Msalaba Mwekundu uliacha kuruka. Mwezi wa Septemba ukakubaliana na Nigeria juu ya safari za mchana, ndege zikaguliwe kwanza; Biafra ikakataa, ikihofia kwamba jeshi la Nigeria litaifuata njia hiyo. Na hofu hiyo si yote. Ndege za silaha zilishuka katika barabara ile ile, usiku ule ule, zikifichwa na ngurumo za ndege za chakula. Safari za misaada zingehamishiwa mchana, zile za silaha zingebaki peke yao gizani, na yule wa mabomu angejua kila sauti aisikiayo ni ya adui. Hivyo marubani wa samaki na maziwa walikuwa pia ngao ya risasi, wapende wasipende. Wengi walilijua jambo hilo, wakaendelea. Makanisa nayo yakaendelea kuruka usiku, mpaka mwisho.

Usiku wenye safari nyingi Uli ilipokea ndege 40 na zaidi. Jumla ya safari za makanisa ilipita 5,000, na mizigo yake yakadiriwa kuwa tani 60,000. Hata hivyo watu wengi mno walikufa kwa njaa. Wengi hukadiria milioni moja au zaidi. Mwezi wa Januari 1970 Ojukwu aliondoka kwa ndege toka Uli, na siku chache baadaye Biafra ikajisalimisha. Mapadri wa Ireland walikamatwa, wakahukumiwa, wakafukuzwa. Mabaki ya Super Constellation yalikaa kando ya kiwanja cha São Tomé miaka mingi. Marubani walitawanyika kutafuta kazi nyingine. Von Rosen alirudi Ethiopia kupeleka chakula kwa wenye njaa, akauawa huko Gode mwezi wa Julai 1977, katika vita vya Ogaden.

Msomaji aweza kuuliza kama hapakuwa na sheria ya kuwalinda. Mikataba ya Geneva ya 1949 ilikuwapo. Yasema ndege ya wagonjwa isipigwe, ikiwa pande zote zimepatana juu ya njia yake, saa yake na kimo chake. Juu ya Uli hakuna kilichopatanwa. Kwa vita vya ndani ya nchi moja, mikataba ile yaruhusu tu shirika lisilo na upendeleo, kama Msalaba Mwekundu, kujitolea kusaidia. Mwaka wa 1977 iliongezwa mikataba miwili mipya. Ule wa kwanza, kwa vita kati ya nchi na nchi, waagiza kwamba wafanyakazi wa misaada waheshimiwe na kulindwa, wakiwa wamekubaliwa na serikali ya mahali wanapokwenda. Ule wa pili, kwa vita vya ndani kama ile ya Biafra, wasema misaada itapelekwa kwa idhini ya serikali yenye nchi. Juu ya mtu anayeipeleka haukuandika kitu.